Waliniita Mwalimu Mirembe

Ualimu wa malezi niliupata nikiwa sipo. Nilitoka kwenye kikao kupokea simu, niliporudi nikakuta wameshanichagua. Shule yetu ni ya kata, wilayani Chamwino, na kazi hiyo kwetu ilikuwa kuwaonya wasichana kuhusu mimba na wavulana kuhusu bangi, basi.

Kisha akatokea binti wa kidato cha tatu. Kwao ni mbali, kwa hiyo alikuwa amepanga geto na wenzake wawili. Alianza kusinzia darasani, akaacha netiboli, jina lake likaingia kwenye orodha ya utoro rejareja. Mimi nikaona uvivu, nikamsimamisha vipindi viwili vizima. Jioni mwenzake wa geto akanifuata: "Mwalimu, huyu usiku halali, na kula hali. Anasema yeye hana faida kwa mtu." Nilikosa la kumjibu.

Nikaanza kusoma. Sonona si huzuni ya siku moja. Ni kuzama kwa wiki mbili au zaidi, hamu ya mambo inakufa, usingizi na chakula vinavurugika, mtu anajiona takataka. Kilichonishtua zaidi ni kwamba kwa vijana mara nyingi inajitokeza kama hasira. Nikawakumbuka wavulana wangapi tuliowaita wakorofi tukawamaliza kwa fimbo.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la aibu. Jumatatu mstarini nilihutubia dakika ishirini, dalili baada ya dalili, jua likiwachoma. Kufika mapumziko "sonona" lilishakuwa jina la utani la kijana mmoja mpole, na mimi nikawa Mwalimu Mirembe. Asiyekaa Dodoma aelewe: Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, ipo mjini kwetu tangu enzi za Mwingereza, na watoto wamekua wakisikia "utapelekwa Mirembe" kama tusi.

Nikabadilisha njia. Nililifuta neno sonona, na sikuchagua "wenye matatizo", maana ukishamchagua umemtia alama. Nilichukua mkondo mzima wa kidato cha pili, Jumatano, kwenye kipindi cha michezo, wiki nane. Kutoka Kenya niliazima wazo la mpango unaoitwa Shamiri, ambako vikundi vinaongozwa na vijana waliomaliza sekondari, wala si walimu. Kijijini tulikuwa na binti aliyemaliza kidato cha sita akisubiri chuo. Nikamfundisha nilichokijua, nikakaa nyuma. Mambo waliyomwambia yeye, mimi nisingeyasikia hata kwa miaka kumi.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo ndogo. Kila mmoja ana daftari. Jioni anaandika alichofanya na hali ya moyo wake: jua, mawingu au vumbi. Baada ya wiki mbili wanaona wenyewe kwamba siku za vumbi ni zile walizojifungia geto, na siku za jua ni za mpira, kwaya, au kuchota maji na wenzao. Basi zoezi linakuwa kupanga kitu kimoja cha kufanya kesho, hata kama moyo hautaki. Watu husubiri hamu ije ndipo wafanye. Hapa wanafanya kwanza.

Wiki ya nne tulitenganisha tukio na wazo. Rafiki amekupita bila salamu: unawaza nini? "Amenidharau." "Kasikia maneno yangu." Mmoja wa nyuma akasema, "Labda vumbi limemwingia machoni." Ilikuwa Agosti, upepo wa Dodoma unaujua mwenyewe, darasa zima likacheka. Lakini tangu siku hiyo ikawa msemo wao. Mtu akinung'unika anaulizwa: "Una hakika si vumbi?"

Sisemi ni dawa ya kila kitu. Uingereza waliwahi kujaribu mafunzo ya utulivu wa fikra kwenye shule 85, wanafunzi zaidi ya 8,000, na matokeo ya 2022 yakaonyesha hayakuzidi yale ambayo shule zilikuwa zikifanya siku zote. Na mtoto aliyekosa mchango wa makande hana shida ya fikra, ana njaa. Hilo tulilipeleka kwenye kamati ya wazazi, tukabishana wee, mwisho tukapata magunia mawili ya mahindi.

Na yule binti? Yeye alihitaji zaidi ya daftari. Niliogopa kumuuliza kama anawaza kujiua, nikidhani nitampandikizia wazo. Muuguzi wa kituo cha afya akanituliza: kuuliza hakupandikizi, kunampa mtu nafasi ya kupumua. Nikamuuliza. Akanyamaza, kisha akatikisa kichwa kukubali. Sikumwacha peke yake. Siku hiyohiyo tukamwita mama yake.

"Mwalimu, mwanangu si kichaa," mama alianza, kabla hata sijamaliza salamu.

"Mama, sijasema hivyo. Angekuwa na malaria tungempeleka. Twende kituoni tu, mimi na wewe."

Sikulitaja jina la Mirembe. Daktari wa kituo ndiye aliyeandika rufaa baadaye, na wakati huo mama alishakuwa ameona mtoto wake akisikilizwa, hakubisha. Binti alirudi shuleni muhula uliofuata. Netiboli hajarudia, lakini huwa anashika filimbi.

Namba 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, sasa imeandikwa kwa chaki ya rangi nyuma ya mlango wa choo cha wasichana na cha wavulana. Pale mtu anaisoma bila kuonwa.

Mtaaluma ameshaitaka Jumatano yangu kwa masomo ya ziada kabla ya mtihani wa Novemba. Tumehamia chini ya mkwaju, wakati makande yanaiva. Wiki iliyopita mwalimu wa nidhamu alinitumia mvulana aliyepigana, ameshika kikaratasi: "Kwanza ongea naye wewe."