Jiko la mama lilivyotoka machozi meusi

Jamani Njombe mwezi wa sita na wa saba sio mchezo, asubuhi unatoka nje unakuta majani yamekuwa meupe kwa barafu. Na mama yangu miaka yote baridi ikikaza anachukua jiko la mkaa analiingiza chumbani, anafunga dirisha, analala nalo. Nimemsema mpaka nikachoka. Mkaa ule ulioshika vizuri, mwekundu, hauna hata moshi, ndio huo huo unatoa kaboni monoksaidi, hewa haina rangi haina harufu, mtu anapitiwa na usingizi ndio basi tena. Misiba ya hivyo huku tumeizika.

Basi mwaka jana nikamnunulia jiko la kuni la chuma, lile la mlango wa kufunga, likakaa sebuleni mbele ya dohani ya matofali aliyojenga marehemu baba enzi zile tunaota moto wa wazi. Nikajua yameisha. Kumbe jiko ndio kitu rahisi, kazi yote iko kwenye bomba linalotoka kwenye jiko kwenda kwenye dohani.

Fundi wa kwanza alikata bati la kuezekea, akaviringisha mabomba, akayafunga vile vile anavyoezeka nyumba, yani la juu linalivaa la chini kwa nje. Mimi naangalia naona sawa tu. Wiki mbili baadaye mama ananipigia, "mwanangu, hili jiko lako linatoka machozi". Nikafunga safari. Kweli, kwenye kila kiungo kuna mchirizi mweusi umeshuka kwa nje, sakafu ina matone yanayong'aa kama lami, na yana harufu kali ya nyama ya kukausha kwa moshi. Nikakwangua kidogo kwa kisu nikatupia kwenye moto, likalipuka mwali mrefu papo hapo. Hapo ndio nikaogopa, maana kama liko nje hivi, huko ndani ya dohani liko kiasi gani?

Ile kitu inaitwa kreosoti. Kuni mbichi zinatoa moshi wenye maji mengi, ukigusa bomba la baridi unaganda. Watu wanalaumu msindano eti una utomvu, lakini hata mwati ukiuchoma mbichi ni yale yale, shida ni ubichi. Kuni zipasuliwe, zikae juani na chini ya paa miezi sita au zaidi. Na kreosoti ikishika moto ndani ya dohani joto linapita nyuzi 1,000, matofali yanapasuka.

Nikamtafuta mzee mmoja fundi wa siku nyingi. Kamwene, kamwene, tukasalimiana, akaingia, hata kiti hajakaa akagusa kiungo akasema "Kijana, moshi unapanda, ila lami inashuka. Bomba unalifunga kwa ajili ya kile kinachoshuka." Yani la juu liingie NDANI ya la chini, kama bomba la gata, ili kinachotiririka kirudi kwenye jiko kikaungue. Nikamuuliza moshi si utavuja? Akasema dohani ikivuta vizuri hewa ndio inanyonywa kuingia, na kila kiungo anapiga skrubu tatu.

Bati lenyewe akalikataa. La kuezekea la geji 28 au 30 ni jembamba mno, halafu lina zinki, likipata moto mkali linatoa moshi wa sumu. Tukachukua chuma cheusi geji 24, kinene zaidi, upana wa inchi 6 sawasawa na tundu la jiko, usikubali kupunguziwa. Akaliinamisha lipande kuelekea dohani, kama sentimita 2 kwa kila mita. Na mwisho wa bomba likaishia sawa na ukuta wa ndani, yule wa kwanza alikuwa amelisukuma mpaka katikati ya dohani limeziba nusu ya njia! Mdomo wa zamani wa kuotea moto tukauziba kwa matofali, maana ulikuwa unaingiza hewa baridi, jiko halivuti.

Mbao sasa. Bomba la ukuta mmoja likae mbali na mbao inchi 18, na lisipite kabisa kwenye silingi bodi wala darini, huko kunataka bomba maalum la kuta mbili. Sisi tuna dohani, nikajua tumepona, nikapanda darini na tochi nikakuta kenchi imechomekwa ndani ya tofali la dohani, pembeni imeshakuwa ya kahawia. Mbao ikipashwa joto miaka na miaka inafika mahali inashika moto kwa joto dogo tu. Tulikata, tukaacha inchi 2 wazi, tukaweka nguzo. Siku hiyo nilikaa pale juu muda mrefu, nawaza mama analala chini yake.

Juu ya paa tukaongeza kozi kadhaa, dohani iwe futi 3 kutoka inapotokea kwenye bati, na izidi kwa futi 2 kitu chochote kilicho ndani ya futi 10, la sivyo upepo unarudisha moshi ndani.

Machozi yamekoma. Mwezi wa tano nitaenda kukwangua masizi kwa brashi ya waya kabla baridi haijaanza. Jiko la mkaa mama amelihamishia nje, anachomea mahindi.