Mbegu ya Pili

Mtama ukipandwa baada ya mvua ya kwanza huchomoza ndani ya siku chache, na mche wake huishi kwa unyevu uliomo katika tabaka la juu la udongo. Mvua ikikatika kwa wiki mbili au tatu, udongo huo hukauka kabla mizizi haijashuka, miche ikanyauka, na mkulima akalazimika kupanda upya. Ndiyo maana kila ninaposoma habari za njaa hujiuliza kwanza kama mbegu ya pili ilikuwepo.

Penye amani, mbegu hiyo hupatikana kwa namna fulani, kwa kukopa kwa jirani, kununua sokoni au kuuza mbuzi. Vita hufunga milango hiyo yote kwa mpigo: ghala huporwa, mifugo huswagwa, barabara ya sokoni haipitiki, na familia inayokimbia usiku haikumbuki debe la mbegu, na ikilibeba, italila njiani.

Nchini Sudan vita vilianza tarehe 15 Aprili 2023, wiki chache kabla ya msimu wa kupanda mtama, na Desemba mwaka huo vikaingia katika jimbo la Gezira, kwenye mojawapo ya skimu kubwa zaidi za umwagiliaji duniani, inayopata maji ya Nile ya Buluu kutoka bwawa la Sennar tangu 1925. Mtu angedhani kwamba shamba lisilotegemea mawingu lingesalimika, lakini mfereji usiozolewa tope huziba, na wakulima wengi walikuwa wameshakimbia. Agosti 2024 baa la njaa lilithibitishwa katika kambi ya Zamzam, Darfur Kaskazini.

Somalia nayo ilipitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba kati ya 2020 na 2022, kisha mwishoni mwa 2023 ikafurika, huku mapigano yakiendelea.

Misaada kwa kawaida huhesabiwa kwa tani za chakula, nami silibezi hilo, kwa kuwa mwenye njaa hawezi kupewa mbegu akaambiwa asubiri miezi minne. Hata hivyo, chakula kikichelewa mwezi mmoja bado huliwa, ilhali lori la mbegu likishikiliwa kizuizini kwa mwezi huohuo, penye msimu mmoja tu wa mvua, mkulima hana la kufanya nazo hadi mwaka unaofuata.