Kompyuta ya shangazi iliyogoma saa nne asubuhi

Shangazi yangu ana stesheneri Muheza, hatua chache kutoka stendi. Anatoa kopi, anaprinti, anapiga picha za pasipoti na kuwajazia fomu vijana wanaoomba vyuo. Kompyuta yake ni ya mtumba, na flashi za wateja zilikuwa zimeijaza virusi hadi kuwaka tu inachukua robo saa. Windows iliyokuwamo ilikuwa ya kuchakachua, hivyo hapakuwa na cha kusikitikia. Nilipokwenda likizo niliifuta yote nikamwekea Linux Mint 21, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Niliichagua kwa sura yake: menyu ipo chini kushoto, palepale mkono wake ulipozoea kwenda. Habari za programu huria na leseni sikumchosha nazo. Aliuliza swali moja tu, kama printa itafanya kazi. Ikafanya.

Kuiweka ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Jasho lilinitoka baadaye, nimesharudi Dar, nikimfundisha kwa simu namna ya kuiapdeti.

Nilimwachia maelekezo mafupi: ukiona kile kingao kidogo chini kulia kimewekewa nukta, kibofye, bonyeza kitufe cha kusakinisha, andika nywila, subiri. Wiki ya kwanza akanipigia analalamika bando la wiki limekwisha siku ya Jumanne. Kosa lilikuwa langu. Katika ile orodha kulikuwa na kifurushi (ndivyo Linux inavyofunga mafaili ya programu) kinaitwa linux-firmware, ambacho peke yake kinazidi MB 200, na mimi sikumwambia kwamba anaweza kuchagua. Tukaanza upya. Nikamweleza kwamba kila mstari una picha yake: ngao ni mambo ya usalama, radi ni kerneli, yaani moyo wenyewe wa mfumo, na mshale ni programu za kawaida. Chini kabisa pameandikwa jumla ya MB. "Siku za kazi chukua zenye ngao peke yake, na kivinjari. Mizigo mizito iondolee tiki, iache mpaka ununue bando la usiku." Hilo alilishika haraka kuliko nilivyotegemea. Mtu anayeuza kopi moja moja anajua kuhesabu.

Kuna watu waliniambia ningewasha masasisho ya kujiendesha yenyewe, mambo yakaisha. Kwa mwenye intaneti ya nyaya ofisini, sawa. Kwa mtu anayewasha hotspoti ya simu akiwa na mteja mbele yake anayesubiri kutuma barua pepe, kompyuta ikianza kujishushia vitu kimyakimya ni kumtia hasara.

Mara moja umeme ulikatika katikati ya kusakinisha. Uliporudi, kila akijaribu anaambiwa kazi ya dpkg, ile programu inayosakinisha vifurushi, ilikatizwa. Dawa yake ni amri moja, sudo dpkg --configure -a, lakini jaribu kuisoma kwa simu kwa mtu ambaye hajawahi kufungua terminali, dirisha la kuandikia amri. "Vistari viwili, shangazi, vimeshikana na neno linalofuata." "Vya juu au vya chini?" "Vya katikati." Tulitumia dakika ishirini. Tangu hapo ameiandika kwa kalamu ya wino mzito na kuibandika ukutani, chini ya bei za laminesheni.

Lakini kilichonichanganya kweli kilikuja miezi kadhaa baadaye. Akanitumia picha ya skrini kwa WhatsApp: kingao kina alama ya hitilafu, na maelezo yake yanasema orodha ya vifurushi "bado haijaanza kutumika", na kwamba itaendelea kuwa batili kwa saa 4 na dakika 37. Nikamuuliza imeanza lini. "Wiki ya tatu sasa. Nilidhani mtandao."

Nami nikadhani hivyohivyo. Nikamwambia abadilishe seva anayoshushia, akabadilisha. Ikawa vilevile. Nikamwambia azime na kuwasha, ile dawa ya kila ugonjwa. Vilevile. Jambo la ajabu ni kwamba kivinjari kilifungua kila ukurasa bila shida, hata barua pepe za wateja zilikuwa zinakwenda.

Nikairudia ile picha, safari hii nikiikuza kidole kwa kidole. Pembeni chini, saa ya kompyuta ilisoma 4:12. Picha yenyewe ilikuwa imenifikia saa nne na dakika kumi na tatu asubuhi, yaani simu yangu iliandika 10:13.

"Shangazi, hiyo saa ya kompyuta nani ameigusa?"

"Mimi mwenyewe. Ilikuwa inadanganya. Saa nne ya asubuhi inaniandikia kumi! Wateja wananiuliza saa ngapi, natazama hapo, nawaambia uongo."

Nilicheka mpaka akanikatia simu.

Alichofanya ni kuingia kwenye mipangilio, kuzima saa inayojirekebisha kwa mtandao, na kuirudisha nyuma saa sita kwa mkono. Akapata saa ya Kiswahili kamili. Ila kompyuta haijui Kiswahili cha saa. Yenyewe ikaamini kwamba kweli dunia imerudi nyuma saa sita. Na orodha ya vifurushi ikitoka kwenye seva hugongwa muhuri wa tarehe na saa. Apt, ile programu inayoshusha vifurushi, ikiona muhuri wa wakati ambao haujafika, inaikataa. Ubishi wake una maana, kwani ukaguzi huohuo wa tarehe ndio unaoizuia isipokee orodha iliyokwisha muda wake, ambayo mtu mbaya angeweza kuitumia kuficha masasisho ya usalama. Orodha ya siku ile ilikuwa imetolewa saa moja na nusu hivi kabla. Ukitoa hiyo kwenye saa sita, unapata zile saa nne na ushee. Kurasa za intaneti hazikulalamika kwa sababu vyeti vyake hudumu wiki au miezi, saa sita si kitu.

Nilipompigia tena kumweleza, alinikatisha: "Kumbe kama mtu kuniletea barua ya tarehe ya kesho niigonge mhuri leo." Ndiyo hivyo hasa.

Sasa, ningeweza kumwambia arudishe saa ilivyokuwa. Lakini duka ni lake, na saa nne ni saa nne. Nikakaa kidogo nikipiga hesabu. Sisi tumetangulia saa za kimataifa kwa saa tatu. Anayeishi saa sita nyuma yetu yuko nyuma ya saa hizo kwa tatu, na Buenos Aires, Argentina, wako hapo mwaka mzima. Nikamwelekeza awashe tena saa ya mtandao, kisha kwenye ramani ya kuchagulia saa za eneo achague Buenos Aires, na azime mtindo wa saa 24, maana saa mbili usiku ingesomeka 14. Kwa ndani kompyuta inajua wakati sahihi, kwa nje inamwonyesha saa ya Muheza. Tarehe tu ndiyo inabadilika saa kumi na mbili alfajiri badala ya usiku wa manane, na saa hizo yeye amelala.

Akabofya kingao. Vifurushi 61. Akaondoa tiki kwenye radi bila kuambiwa.

Pasaka binamu yangu mmoja, anayesomea kompyuta, alipita dukani, akaona ramani ikionyesha Argentina na kutaka kumrekebishia. Alifukuzwa kwenye kiti.