Huzuni tamu na blauzi za Gikomba

Mpwa wangu wa kidato cha pili alinijia juzi jioni na kazi ya Kiingereza: mifano mitano ya oksimoroni. "Anti, hiki ni nini?" Mimi nauza blauzi soko la Gikomba, Nairobi. Nikajifuta mikono ya unga, nikachukua simu.

Kumbe ni maneno mawili yanayopingana yakiwekwa pamoja, na neno lenyewe ni la Kigiriki: "kali" limebandikwa na "butu". Basi limeanza kujipinga kabla hata halijaanza kazi. Kwa Shakespeare, Juliet anapoagana na Romeo usiku, anasema kuagana ni "sweet sorrow". Huzuni tamu. Mpwa akacheka: imetiwa sukari?

Nikamuuliza kama anakumbuka nilivyomsindikiza stendi ya Machakos siku ya kwanza ya bweni. Nililia mpaka basi likatoka, na papo hapo nafurahi kwamba shule imepatikana na mkate sasa utanikalia siku mbili. Akaandika bila kuuliza tena.

Iliyotusumbua ni "pretty ugly". Aliitaja mwenyewe, maana anajua "pretty" ni mrembo. Nami nikaafiki, hadi tulipotazama kamusi: hapo "pretty" ni "kiasi" tu. Kitu kibaya kiasi. Ugomvi uko machoni, kwenye maana haupo. Orodha nyingi za mtandaoni huiweka, lakini mimi nilimwambia aifute.

Halafu akaleta maneno ya Hamlet, wa tamthilia nyingine ya Shakespeare, "I must be cruel only to be kind": sina budi kuwa katili ili niwe mwema. Nikamwambia hiyo tuitenge. Oksimoroni hubana maneno mawili pamoja. Hii ni kauli nzima, ukiisikia unaikataa, ukiitafakari unaikubali. Kwenye Kiswahili chao cha shule ni kweli kinzani.

"Kama ukupigao ndio ukufunzao?"

Hiyo hiyo. Kumbe mtoto anayo siku zote, ila hakuambiwa kwamba ndiyo hiyo.

Mfano wa tano ukagoma. Akanitazama. "Anti, sokoni huwa unaitaje wateja?"

"Mitumba mipya, mia, mia!"

Tukanyamaza wote wawili. Mtumba umeshavaliwa na mtu. Upya wake umetoka wapi?

Mwalimu alitaka Kiingereza, kwa hiyo hatukuiandika. Asubuhi nimefungua robota, nimeita vilevile. Mama mmoja akashika blauzi, akaigeuza kola: "Ni mtumba au ni mpya?"

Nikamwambia ni vyote viwili. Akanipa themanini.