Hivi mtangazaji wa mpira Baraka Mpenja angeweza kuendesha chemsha bongo?

Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika tukiwa kibanda umiza huku kwetu Ilomba, mechi ya Uingereza ipo kipindi cha pili, watu wameshalipa mia tano mia tano zao, na baridi ya Mbeya mnaijua wenyewe, mtu akishajibana katikati ya wenzake kwenye benchi hataki kabisa kusikia habari za kutoka nje. Jenereta la mzee mwenye kibanda lina siku tatu limegoma. Watu wakaanza kudai hela zao. Mzee sasa si mtu wa kurudisha hela, hajawahi na sidhani kama ana mpango huo, akasimama mbele na tochi ya simu akasema jamani tulieni, tufanye chemsha bongo ya mpira, atakayeshinda anaingia bure wiki nzima. Kimyaa. Wiki nzima bure si mchezo ndugu zangu, hasa ukizingatia kuna zile Jumanne na Jumatano za Ulaya.

Asa nani aulize maswali? Vidole vyote vikaenda kwa jamaa yetu mmoja, jina simtaji maana hapa huwa anapitia, ndo mtangazaji wa ndondo zote za huku, zile mechi za mtaani, ukisikia spika inakoroma Jumapili jioni kwenye uwanja wa shule ujue ni yeye. Mpira anaujua, sauti anayo, watu hawaogopi, akiongea unacheka. Mimi mwenyewe nilimnyooshea kidole.

Swali la kwanza: Mbeya City ilishika nafasi ya ngapi msimu wa 2013/14? Ule msimu ndo imetoka kupanda daraja, Koma Kumwanya wenyewe, uwanja wa Sokoine unajaa mpaka watu wanachungulia kwa nje. Akasimama dogo mmoja wa bodaboda, anakuna kichwa, anaangalia juu kama jibu liko kwenye mabati. Jamaa yetu akakaa kimya sekunde moja, moja tu, ya pili ikamshinda. "Anafikiriaaa, anakumbuka kikosi cha kocha Mwambusi kileee, Azam bingwa bila kufungwa, Yanga wa pili, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, Simba wa nne huyooo..." Dogo akageuka taratibu akasema, wa tatu. Kibanda kikalipuka. Mtu wa nyuma anapiga kelele mechi imeuzwa hii.

Swali la pili AFCON ya kwanza ya Taifa Stars, ile ya 1980, ilifanyika nchi gani. Akasimama mwingine, na kabla hajafungua mdomo mtangazaji wetu keshaanza kumsindikiza, vijana wa Stars wanashuka kwenye ndege, jua la Lagos linawaka kwelikweli. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Na wala hakuwa anafanya makusudi, yaani ule mdomo una maisha yake, mtu akinyamaza mbele yake yeye lazima ajaze.

Umeme ukarudi kabla ya swali la tatu, hakuna aliyepewa wiki ya bure, mzee kafurahi. Ila mimi nikarudi nyumbani na hilo wazo, nikawa nawapitisha kichwani watangazaji wetu wote wa michezo mmoja mmoja, huyu ukimpa shoo ya maswali ataiweza? Huyu je? Maana watu wengi wanadhani ni kazi ileile tu, maiki ni maiki. Nakataa.

Utangazaji wetu wa mpira umetoka redioni, hapo ndo pa kuanzia. Babu yangu Tukuyu alikuwa na redio ya betri anaining'iniza kwenye msumari barazani, mvua ya kule inapiga bati huku Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) inarusha mechi, na sisi watoto tumezunguka kama kuku wanaosubiri mahindi. Hakuna picha. Mtangazaji akinyamaza sekunde tano tu mnaangaliana, kuna nini, goli? betri imeisha? Kwa hiyo wale wazee, kina Ahmed Jongo na wenzake, walilazimika kuongea muda wote, mpira uko wapi, nani anao, jua liko upande gani, jukwaani wamekaa kina nani. Ndo ufundi wenyewe. Halafu TV imekuja, picha tunaiona wote, ila mtangazaji bado anatusimulia kama hatuna macho, na sisi ndo tumezoea hivyo, ukimleta mtu wa kunyamaza nyamaza tunasema kalala.

Shoo ya maswali sasa inataka mtu wa aina nyingine kabisa. Mshiriki akiwa anafikiria, ule ukimya ndo utamu wenyewe, mtangazaji akiuchezea basi shoo imekufa. Angalia ile ya kuwania milioni iliyoanzia Uingereza 1998, maswali 15 mpaka juu, Chris Tarrant alikuwa anamwangalia mtu usoni, anamuuliza kama hilo ndo jibu lake la mwisho, halafu anakaa. Anakaa tu! Wewe nyumbani unatamani kurusha kiatu kwenye TV. Hapo hajaongea kitu na analipwa.

Kwa hiyo Baraka Mpenja. Nampenda sana, nianze na hilo msije mkanivamia. Yule jamaa tuliyemzoea kwenye mechi za Azam TV anaweza kuifanya kona ya dakika ya 12 isikike kama nchi inapata uhuru, kuna mechi za Ligi Kuu bila yeye ungelala usingizi mzito. Lakini umkalishe mbele ya mwalimu wa sayansi kutoka Vwawa anayewaza swali la milioni kumi? Namuona kabisa anavyohangaika kwenye kiti. Mimi Mpenja ningempa shoo za kukimbia, watu wanavuka matope na magunia kichwani, kufukuza kuku, kuvuta kamba, mtu anadondoka kwenye maji, hapo hata umlipe nani hamfikii. Swali la kuwaza hapana. Jibu litamtoka mdomoni kama Lagos ya jamaa yetu.

Marehemu Charles Hilary ningempa kiti bila hata usaili. Tulimsikia RTD, tukamsikia Radio One, tukamsikia BBC, na mpaka anafariki Mei 2025 alikuwa anasemea Ikulu ya Zanzibar. Ile sauti ilikuwa nzito halafu haina haraka, hata kama kuna goli unamuona anafika kwenye goli kwa miguu yake, hakimbizwi. Mtu kama yule akikuuliza mji mkuu wa Mongolia unajihisi una kosa la kutoujua, na akikwambia umekosa unamshukuru. Inaniuma hatukuwahi kupata shoo kubwa ya maswali ya Kiswahili ikamkuta yeye.

Maulid Kitenge naye anafaa, tena sababu yangu wala haihusiani na mpira. Ni yale magazeti yake ya asubuhi redioni. Kusoma kitu kilichoandikwa na mwingine ukakifanya kiwe na chumvi bila kukibadilisha ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani, na swali la kwenye shoo ndo kitu cha namna hiyo, limeandikwa, halitakiwi kuongezwa neno. Shaffih Dauda ningempa ile ya familia mbili kushindana kubahatisha walichojibu watu mia moja, ile anayoendesha Steve Harvey Marekani tangu 2010, kwa sababu ile haitaki akili nyingi, inataka mtu anayeweza kukaa na shangazi wa mtu wakapiga stori, na mtu aliyeleta Ndondo Cup watu wa mtaani anawajua. Mchambuzi Edo Kumwembe simpi kiti, nampa karatasi awe anatunga maswali nyuma huko, maana mbele ya kamera atabishana na mshiriki hata kama mshiriki kapatia.

Sasa tatizo letu kubwa hata sauti siyo. Ni Simba na Yanga. Hebu fikiria Ahmed Ally, tuliyemzoea kama msemaji wa Simba, ndo anauliza maswali, mshiriki ni Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, kakosa swali la mwisho. Nchi italala siku hiyo? Au Ally Kamwe, tuliyemzoea kama msemaji wa Yanga, kamwongezea sekunde tatu mtu aliyevaa kijani. Hawa wote wawili walipita Azam TV kabla ya kwenda kuwa wasemaji wa klabu, vipaji wanavyo vya kumwaga, ila kile kiti kinataka mtu ambaye ukikosa huna wa kumlaumu. Labda atoke huku kwetu Nyanda za Juu, ashabikie Prisons, nani atamwonea wivu.

Wenzetu nje wameshajaribu sana kuwahamisha hawa watu, na ukiangalia waliofanikiwa unaona kitu. Jeff Stelling wa TV ya Sky Uingereza miaka na miaka kila Jumamosi alikuwa anakaa studio anasoma matokeo ya viwanja kibao kwa wakati mmoja, watazamaji mpira wenyewe hawauoni, wanamuona yeye na wachezaji wa zamani wanaokodolea TV zao. Mwaka 2009 akapewa Countdown, ile ya herufi na hesabu, akakaa nayo mpaka 2011 na wala hakuonekana mgeni. Countdown ina saa ya sekunde 30 ambapo washiriki wanakuna vichwa na mtangazaji hasemi neno, mlio wa saa tu ndo unasikika. Sekunde 30! Jamaa yetu wa Ilomba angezimia. Kabla ya Stelling alipita Des Lynam, huyu wa BBC na mpira, mtu wa utulivu ambaye hata Kombe la Dunia alilitangaza kama anakunywa chai, akaichukua 2005 baada ya mtangazaji wa mwanzo kufariki, mwaka uliofuata kaacha, na sababu iliyosemwa ni safari za kwenda Leeds kurekodi. Nilicheka. Uingereza yote hiyo kaka, wewe umeshawahi kupanda basi Mbeya mpaka Dar ukapita Kitonga usiku?

Halafu kuna shoo ya maswali ya Marekani, Jeopardy! Alex Trebek aliiendesha kuanzia 1984 mpaka alipofariki Novemba 2020, na kabla ya hapo alikuwa mtangazaji wa CBC kwao Canada, anasoma habari na michezo humohumo. Alivyoondoka walileta watu wengi wa kushikilia kwa muda mwaka 2021, mmojawapo mtangazaji wa michezo Joe Buck, ambaye kwa wao ni kama sauti ya fainali zote. Buck alifanya vizuri tu, mimi niliangalia vipande YouTube, sauti safi, hachelewi, hatoki nje ya mstari. Ila kiti mwishoni kikaenda kwa Ken Jennings, ambaye utangazaji wa michezo hata hakuufanya, yeye ni mshiriki wa zamani aliyeshinda mechi 74 mfululizo mwaka 2004. Mimi hilo naliona la haki kabisa. Yule alishakaa upande wa pili, anajua ukiwa unatafuta jina lililo kwenye ncha ya ulimi na mtu anakuongelesha unavyojisikia kumpiga.

Mtaniambia ooh wewe umeandika yote haya kwa sababu ulikosa wiki ya bure. Sawa. Ila sijamaliza stori.

Jumamosi iliyofuata mzee akasema chemsha bongo irudiwe kabla ya mechi, safari hii umeme upo, na jamaa yetu akaja kakoga kabisa, ana maiki na spika yake. Mzee akamwambia we kaa. Akamwita mkewe, yule mama huwa anakaa mlangoni kukusanya mia tano na kuuza karanga, mpira haujui hata kidogo, siku moja aliniuliza kwa nini yule mwenye nguo za tofauti anaruhusiwa kushika. Akapewa karatasi yenye maswali, majibu yameandikwa nyuma. Watu wengine wakaanza kumchekea chekea, shikamoo mama, marahaba, tulieni.

Akasoma taratibu kama anasoma ratiba ya dawa. Samatta alifunga goli lake la Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na timu gani? Akamtazama kijana aliyesimama. Hakucheka, hakutikisa kichwa, uso mkavu, karanga ziko mapajani. Kijana akasema Aston Villa, halafu akaanza kujistukia mwenyewe, kwani si ndo hiyo, au? Anatuangalia sisi, sisi tunamwangalia mama. Hata mtoto aliyekuwa analia pale nje alinyamaza.

"Subiri nigeuze karatasi," mama akasema, akalamba kidole.