Siku Mtani Alipokataa Kutoka Kaburini

Babu alizikwa Usoke, Februari 2010, na reli aliyoihudumia ujana wake wote ilikuwa imekatika. Mafuriko ya Desemba yalikuwa yameisomba njia kati ya Kilosa na Gulwe, kwa hiyo treni ya abiria ya kutoka Dar es Salaam haikuwapo. Ndugu zetu wa Dar wakapanda basi la kuzungukia Dodoma, Singida na Nzega. Toka Nzega barabara ilikuwa bado ya udongo, na mvua za Unyamwezi mwezi ule hazina mzaha. Simu ya mwisho walisema basi limenasa. Mchungaji alikuwa na msiba mwingine wa kuwahi. Wazee wakaamua tusingoje tena.

Mimi nilikuwa nimefika mapema kutokea Shinyanga. Jeneza lilikuwa limeshatua pembeni ya shimo, kwaya ya Moravian imeshika ubeti wa mwisho, ndipo Bibi Mzaramo alipoteremka kaburini.

Tulimwita hivyo tangu utotoni. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa stesheni, wakapakana ukuta na Babu kwenye kota za reli, na alipofiwa hakurudi kwao Kisarawe. Utani wetu na Wazaramo hauhitaji maelezo marefu: ulizaliwa njiani, enzi za wapagazi wa Kinyamwezi kupita kwao na pembe za ndovu kuelekea pwani. Nilishaona watani wakikamata kuku wa msibani na kuzuia mlango mpaka walipwe. Mwanamke wa miaka sabini na kitu kushuka shimoni, tope likimfika vifundoni, hilo sikuwa nimeliona.

Alikuwa amevaa koti la kaki la Babu, lile la kazini, na mkononi ana spana.

"Humu hapiti mtu! Njia bado sijaikagua."

Akaanza kutembea mle ndani, hatua fupifupi zinazolingana, macho chini. Watu wakaangua kicheko. Ndivyo Babu alivyotembea. Miaka ya kukanyaga mataruma ya chuma yanayobeba reli, yale Wajerumani waliyoyalaza kwa kuhofia mchwa, ilimzoesha kwenda taruma hadi taruma, na hata kanisani aliiendea Meza ya Bwana kwa hatua hiyohiyo.

Kanisani wasifu ulikuwa umesomwa asubuhi. Alizaliwa 1928, mwaka reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza. Aling'oa visiki Urambo kwenye mradi wa karanga wa Waingereza, na ulipokufa akaajiriwa kwenye gengi la reli, kikosi cha kutunza njia. Alistaafu 1983. Ameacha mjane, watoto wanane, wajukuu na vitukuu. Tarehe zote zilikuwamo, Babu hakuwamo. Sasa alikuwa anatembea kaburini mwake mwenyewe, anagonga udongo kwa spana na kutega sikio kama bolti imelegea.

"Haya, watoto!" Bibi Mzaramo akainua kichwa na kuanza kutuhesabu kwa kidole, wajukuu tuliopanga mstari ukingoni. "Mmoja, wawili, watatu..." Kila usiku Babu alihesabu. Alisimama mlangoni na kibatari, akahesabu vichwa kwenye mikeka, wanawe pamoja na wa nduguze na wa jirani waliolala huko baada ya kucheza. Mpaka hesabu itimie hakufunga mlango. Baba anasema usiku mmoja mtoto alipungua, na Babu akaenda na taa yake ya kazini kufuata reli mpaka stesheni, akamkuta amelala juu ya magunia ya tumbaku.

"...kumi na saba, kumi na nane. Wamezidi!" Kisha kwa sauti nzito ya Babu: "Afadhali wazidi. Funga mlango."

Sitaki mtu adhani alikuwa mpole. Alichapa, na maneno yake kwa siku yalihesabika. Sikumbuki akimkumbatia mtu.

Baba Mdogo, ambaye ni mhasibu na hapendi mambo yasiyo na ratiba, akasogea ukingoni. "Shangazi, inatosha. Mchungaji anasubiri."

Bibi, mjane mwenyewe, alikuwa ameketi mkekani na wanawake wenzake. Tangu alfajiri alikuwa hajatamka neno. "Mwache," akasema. "Hajafika kwenye ugoro."

Baba Mdogo akarudi nyuma.

Kwenye ugoro alifika baadaye, kwa kupitia kwenye cheo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 na reli ikawa ya TRC, Shirika la Reli Tanzania, Babu aliitwa akapewe unyapara mkubwa kwenye njia ya Mpanda. Watoto wake walikuwa wakisoma Tabora, Jumatatu wanapanda treni na Ijumaa wanarudi. Bibi Mzaramo akajifanya ameshika barua, akaisoma kichwa chini miguu juu. "Cheo nimekiona, bwana mkubwa. Kizuri sana. Kina shule?" Babu alibaki kwenye gengi lake mpaka alipostaafu, na mshahara wa gengi tunaujua. Shangazi zangu walivaa kiatu kwa zamu. Lakini katika wale wanane hakuna aliyekosa darasa la saba, na watatu ni walimu.

Kisha akapiga magoti topeni, akanyoosha mikono miwili juu, kumwelekea Bibi. "Mama Watoto, mshahara huu hapa. Hesabu." Akanyamaza kidogo, akajikuna shingo. "Sasa... naomba ya ugoro."

Bibi akamjibu papo hapo, bila kucheka: "Ule wa juzi umekwisha?"

Hapo hata mchungaji aligeukia upande wa pili, mabega yakimtikisika. Miaka yake yote ya kazi mwanamume huyu alikabidhi mshahara mzima na kuombaomba senti za ugoro nyumbani kwake mwenyewe, na miaka yote alijibiwa hivyohivyo.

Baba Mkubwa akarusha noti ya elfu tano. Ikarudishwa. "Hii itanifikisha Tabora. Mimi kwetu Kisarawe!" Walikubaliana elfu kumi, kuku jike na khanga doti moja, ndipo vijana watatu wakamvuta juu, na Babu akashuka.

Watu wa Dar walifika magharibi, tope magotini. Shangazi Mkubwa, kifungua mimba wake, alijitupa uani akilia kwamba hakumzika baba yake. Bibi alimwacha alie mpaka alipochoka mwenyewe, halafu akaita upande wa mafigani.

"Wewe Mzaramo! Njoo uwarudie hawa."

"Kaburi limefukiwa, nitasimama wapi?"

"Simama hapa mkekani."

Bibi Mzaramo akaja akifuta mikono, koti la Babu bado mwilini, akawatazama wageni mmoja mmoja. "Bei ni nyingine sasa. Ya usiku, tena kwa watu wa Dar, haiwezi kuwa sawa na ya mchana."

Shangazi Mkubwa, kamasi bado zinamtoka, akafungua mkoba na kuuliza ni shilingi ngapi.