Nyanya, SA na joto la Kibaha

Kitalu nilikabidhiwa na kaka yangu Januari, joto la Pwani likiwa limepamba moto. Nyanya zilikuwa kwenye mifuko ya makumbi ya nazi, maji ya matone, na naitrojeni karibu yote ikitoka kwenye SA, yaani mbolea ya amonia salfeti. Mchana mimea inanyauka ilhali mfuko umelowa, na matunda yanaoza kitako. Majirani wakanishauri niongeze maji. Mimi nikapasua mfuko mmoja ubavuni: mizizi ya kahawia, ukiigusa ganda linachubuka.

Amonia ikijaa mmeani ni sumu, hivyo mzizi huibadilisha palepale kuwa asidi amino, na kazi hiyo inakula sukari iliyoshushwa na majani. Upumuaji unapanda. Naitreti, sura nyingine ya naitrojeni kwenye mbolea, haina haraka hiyo. Mmea huiweka akiba, au huipandisha kwenye majani, nayo yakaishughulikia kwa nguvu ya jua. Hata inayobaki mizizini hupokea elektroni ambazo zingeishia kwenye oksijeni, kwa hiyo mzizi hutoa kabonidayoksaidi bila kuvuta oksijeni kwa kiasi kilekile.

Sasa ongeza joto. Kipimajoto nilichokichomeka mfukoni saa nane mchana kilisoma nyuzi 34. Maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Ya nyuzi 30, kama 7.5, na hapo upumuaji umekaribia kuongezeka maradufu. Mzizi unadaiwa, mfukoni hamna kitu! Kumwaga maji zaidi kungeifukuza hata hewa iliyobaki.

Nikaiondoa SA. Kalsiamu naitreti ikapewa tangi lake, maana ikikutana na salfeti ya mbolea nyingine kwenye mchanganyiko mzito hutengeneza jasi inayoziba matundu ya matone. Bei inauma: kilo 50 za urea zina naitrojeni kilo 23, za kalsiamu naitreti hazifiki 8. Lakini urea nayo huishia kuwa amonia. Shambani bakteria wa udongo huigeuza amonia kuwa naitreti. Kwenye makumbi mapya bado ni wachache. Mifuko nikaifunika viroba vyeupe, maji nikayagawa kidogo kidogo.

Matunda yaliyooza niliyachuma, hayo hayaponi. Baada ya wiki chache mizizi myeupe ilionekana pembeni mwa mfuko, na vichala vipya vikatoka vizima. Amonia ilikuwa pia ikiibania kalsiamu njia, na tunda likiikosa ndipo huoza kitako.

Juni hadi Agosti, joto likipungua, narudisha SA kidogo. Naitreti tupu hupandisha pH (asidi hupungua mfukoni), madini ya chuma yakawa hayashikiki, na majani machanga yakageuka njano.